Kukalia Viganja

Ukimwona wifi yangu amekalia viganja vyake, mikono yote miwili ameibana chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki, ujue mbele yake kuna mtu anaharibu kitambaa. Mtu huyo ni mimi. Sheria ya meza ile ni kwamba yeye hagusi, hasemi, na hata kikohozi cha kunipa ishara hakiruhusiwi. Mimi nasoma alichoandika, kwa sauti, halafu nafanya kile nilichosoma na si zaidi. Nikikosea halaumiwi mtu. Anachomoa mkono mmoja, anachukua simu, anarekebisha maandishi.

Watu huniuliza siri ya wifi yako ni nini. Wanaona leo blogu yake inasomwa hadi kwenye miji ambayo hatutaikanyaga maishani, wanadhani ni bahati, au ana mjomba mahali. Nawaambia, usione vyaelea, vimeundwa. Siri ni viganja. Wananitazama kama namficha ndugu yangu, wanaondoka wamenuna, na mimi siwafuati.

Huyu ni mke wa mdogo wangu. Alikuwa kwenye kiwanda cha nguo, upande wa mikono. Kutwa nzima anashona mikono ya mashati, inapita, inakuja mingine, shati zima halioni. Alipoacha kazi ile kwa ajili ya mtoto, mama yangu akampa cherehani yake. Sitadanganya, iliniuma. Mama alikuwa fundi wa kutegemewa mtaa mzima, mimi ndiye binti yake wa pekee, na cherehani ikanipita nimesimama ikaenda kwa mkwe. Lakini ningesema nini? Tangu nikiwa msichana, kila nikishika kitambaa mama alinipokonya. "Acha, utakimaliza." Basi. Hakuwahi kuniambia nimekosea wapi. Alinipokonya, akaendelea yeye, na mimi nikaenda zangu shule, nikaishia kuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati, kazi ya kuita wagonjwa kwa sauti kubwa na kugombana na wanaoruka foleni. Hiyo niliiweza mpaka nikastaafu.

Wifi akaanzisha blogu ya kufundisha ushonaji, akaiita Mshono wa Kwanza. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Nani atajifunza kushona kwa kusoma, mke wangu?" Mama naye akatia chumvi kutoka chumbani kwake: "Ufundi unaingia kwa macho. Haujawahi kuingia kwa maandishi." Na kwa muda mrefu ilionekana wamesema kweli. Wasomaji wake walikuwa yeye mwenyewe, mimi, na bwana mmoja ambaye baadaye tuligundua alikuwa anatafuta namna ya kutunza kidonda baada ya upasuaji.

Mwingine angekata tamaa akasingizia mtandao, maana mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Yeye kila Jumamosi aliandika. Mtoto anaota meno, aliandika. Ana homa, aliandika akiwa amejifunga khanga kichwani. Picha alipiga kwenye dirisha la jikoni asubuhi, kabla jua halijawa kali, baada ya kugundua kwamba kitambaa cheusi kikipigwa picha mchana kinatoka kama shimo. Picha za watu hakuiba hata moja. Aliyeuliza swali alijibiwa, na aliyetukana alijibiwa vilevile, ila kwa kifupi. Nilikuwa namwona na kusema moyoni, huyu mwanamke ana kichwa kigumu kama kokwa. Nilisema kwa dharau wakati ule. Siku hizi nasema maneno yaleyale kwa heshima.

Kilichombadilisha ni swali la msomaji mmoja. Wifi alikuwa ameandika jinsi ya kushona foronya, na katikati akaweka, "kisha shona pembeni kama kawaida." Msomaji akauliza, "Samahani dada, kawaida ni ipi?"

Wifi alisoma swali lile, akalisoma tena. Jioni ile nilikuwa nimepita kuwasalimia, sijamaliza hata kuvua viatu, akaniweka mezani.

"Wifi, hebu nisaidie. Soma hapa, fanya inavyosema."

"Mimi? Wewe huijui mikono yangu? Muulize mama mkwe wako."

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

Nilishona kama ilivyoandikwa. Nilishona pembeni, pande zote nne, kwa bidii. Nikamkabidhi foronya isiyo na mdomo. Mdogo wangu aliigeuza juu chini, akauliza mto unaingilia wapi, unamezwa? Mimi nikawaka, nikataka kuondoka. Wifi hakucheka. Alikuwa ameshika simu anaandika upesi, macho yanang'aa kama mtu aliyeokota pete yake iliyopotea.

"Wifi," akaniambia, "wewe ni dhahabu."

Jamani. Umri wote ule, na mbele ya cherehani ya mama yangu, ndiyo mara ya kwanza naitwa dhahabu, tena kwa ujinga. Nilirudi Alhamisi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Hapo ndipo alipoanza kukalia viganja, kwa sababu siku za mwanzo mikono yake ilikuwa inaruka yenyewe kunisaidia. "Nikikusaidia wewe, nani atawasaidia wao?" alikuwa akisema. Nilikata mdomo wa mfuko. Niliweka zipu ikafungukia ndani ya sketi. Nilishona mkono wa gauni kwenye shingo, na haikuwa makusudi. Kila kosa langu likawa sentensi mpya kwenye blogu, na juu kabisa ya ukurasa akaweka ahadi: *Kila nguo utakayoiona hapa imeshonwa kwanza na mtu asiyejua kushona.* Wasomaji wakataka kumjua mtu huyo. Wifi akaniuliza aniite nani. Nikasema kwa hasira, sema Bi Mbumbumbu, si ndiyo kazi yangu? Jina likashika. Watu wakawa wanaandika salamu: tumeelewa kola, mpe Bi Mbumbumbu mkono. Mwanamke mmoja aliandika kwamba aliogopa mkasi maisha yake yote, na aliposoma kuhusu mkono wa gauni shingoni, akaenda kununua mkasi siku ileile.

Ndiyo blogu ikakua hivyo. Haikulipuka. Mama mmoja alimwambia dada yake, dada akamwambia jirani, na ahadi ile ya juu ndiyo waliyokuwa wakiambiana. Mafundi wengine mtandaoni walikuwa na picha nzuri kuliko zetu. Lakini ukifuata maneno yao unafika mahali wameruka kitu bila kujua wameruka, unabaki na mkasi hewani. Kwa wifi huruki, kwa sababu mimi nimeshatumbukia pale kabla yako.

Nguo zangu za majaribio alivalishwa mdogo wangu, apende asipende. Kazini kwake walimzoea.

Sasa ikaja kazi kubwa, shati la kiume, lenye kola na mikono mirefu. Wasomaji walikuwa wameliomba tangu zamani na wifi amekataa, anasema hajalielewa vya kutosha kulieleza. Aliandika, akafuta, akaandika. Hatimaye Alhamisi moja nikakaa, nikasoma, nikakata, nikashona, na kufikia Jumamosi shati likawa limesimama. Kola imekaa. Vifungo vimekutana na matundu yake. Sikukosea popote, na wifi hakuchomoa mkono chini ya paja hata kidogo. Tulipeana mikono kama wakubwa wa nchi mbili. Akachapisha.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini sisi hata maji hatukujua tumetia.

Jumatatu picha zikaanza kuja. Picha ya kwanza wifi alidhani ni utani: mgongo wa shati katika vipande viwili, kushoto na kulia, uwazi katikati. Ya pili vilevile. Ya tatu kitambaa cha maua. Mtu mmoja alikuwa amekata kitambaa alichopewa na marehemu baba yake. Mama wa mapacha alikuwa amekata mashati mawili ya kuvaa watoto kwenye mahafali yao, yote mawili migongo imepasuka. "Dada," aliandika, "nimefuata neno kwa neno. Nimekosea wapi?" Hakutukana. Afadhali angetukana.

Nilifika nikamkuta wifi kakaa mbele ya simu, uso umemshuka. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yake, mara ya kwanza namwona hana mzaha.

"Futa," alikuwa anamwambia. "Futa sasa hivi, andika upya, rudisha. Nani atajua?"

"Watajua waliokata."

"Hao wachache tu. Wakisikia wengine, ile ahadi yako pale juu nani ataiamini tena? Umeijenga kwa miaka, mke wangu. Itakwenda kwa siku moja."

Alisema kweli, na sote watatu tulijua. Kama mtu asiyejua kushona alishona shati hili likakaa, na wanaofuata maneno yaleyale migongo yao inapasuka, basi ama wifi ni mwongo ama mimi si mtu huyo. Nikawaka. Ndiyo tabia yangu, nikiogopa nawaka.

"Na wao pia!" nikasema. "Mtu mzima anakata mgongo wa shati vipande viwili, hajiulizi? Mgongo si unakatwa kwenye mkunjo? Nani asiyejua?"

Wifi akageuka, akanitazama polepole.

"Wifi," akasema, "wewe ulijua lini?"

Akaenda kabatini, akachukua kipande cha kitambaa na ile karatasi ya kukatia mgongo, ambayo ni nusu mgongo tu, akaviweka mbele yangu. Akakaa juu ya viganja.

"Soma. Fanya."

Nikasoma. *Kunja kitambaa kiwe tabaka mbili. Weka karatasi ya mgongo juu yake. Bana kwa pini. Kata.* Nikakunja. Nikaweka karatasi, nikaisogeza mpaka ukingo wake ukalala sawasawa na mkunjo wa kitambaa, nikachukua pini.

"Simama hapo hapo," akasema wifi. Alikuwa amevunja sheria ya meza, kwa mara ya kwanza. "Nani kakuambia uisogeze?"

"Hakuna."

"Imeandikwa?"

Nikaangalia. Haikuandikwa. Karatasi ingeweza kukaa popote, na ukiikata mbali na mkunjo unapata nusu mbili zisizoshikana. Ndivyo walivyofanya, maskini, walifanya nilichokuwa nikifanya mimi zamani, walichoambiwa na si zaidi.

"Sasa kwa nini umeisogeza?"

"Si ndivyo inavyowekwa?" nikasema. "Ni kawaida."

Lile neno likatua mezani katikati yetu. Mdogo wangu alitutazama hajaelewa kitu. Wifi alikuwa amefumba mdomo kwa mkono, na sikujua kama analia au anacheka, nadhani alikuwa anafanya vyote.

"Kumbe," akasema. "Kumbe umekuwa fundi na hatukuambiwa."

Nilipaswa kufurahi. Lakini nilichokiona mbele yangu kilikuwa ni mapacha wale na mashati yao, na ile ahadi ya juu ya ukurasa, na mimi ndiye niliyeiharibu, si kwa ujinga safari hii.

Sasa sikiliza alichofanya, maana wanaouliza siri ya wifi hapa ndipo wangepaswa kuandika. Hakufuta. Alikwenda juu ya maandishi ya shati, mahali ambapo kila anayefungua lazima apaone, akaandika: *Nimekosea. Sikuandika kwamba ukingo wa karatasi ukae kwenye mkunjo. Kama umeshakata mgongo vipande viwili, hukukosea wewe. Nipe hadi Jumatano.* Halafu akaandika kwa kila aliyetuma picha, mmoja mmoja, bila kunakili jibu moja akalisambaza. Mdogo wangu aliingia jikoni kupika, kitu ambacho hakijazoeleka, akasema tu, "Endeleeni."

Maji yakimwagika hayazoleki, na kitambaa kikikatwa hakirudi. Ukizichukua zile nusu mbili za mgongo na kuziunganisha katikati, mshono unakula pande zote mbili, shati linambana mvaaji. Wifi alijaribu hivi, akafumua. Akajaribu vile, akafumua. Mwisho akakata utepe mrefu, mpana kidogo, akaupitisha katikati ya zile nusu kutoka shingoni mpaka chini. Upana uliopotea ukarudi. Shati likakaa. Na ukitumia utepe wa rangi nyingine, mtu asiyejua anadhani ulikusudia.

Jumatano asubuhi aliandika namna ya kuutia. Ila kabla ya kuchapisha alihitaji mtu asiyejua kushona, na mimi nilipovuta kiti changu cha siku zote, akanizuia begani.

"Hapana, wifi."

"Hapana nini?"

"Umefukuzwa kazi."

Alisema akitabasamu, lakini alikuwa anasema kweli, na ilinichoma. Wewe cheka. Kiti kile ndicho mahali pekee nilipowahi kuonekana dhahabu. Nilisimama pale sijui niweke wapi mikono.

"Ile ahadi imeandikwa mtu asiyejua kushona," akasema kwa upole. "Wewe umenitoroka. Kaa huku, upande wangu." Akageuka akaita, "Baba watoto! Njoo!"

Mdogo wangu alikuja anafuta mikono. Alipoelewa anaitiwa nini, alitaka kurudi jikoni.

"Mimi nina mambo yangu."

"Umevaa mashati ya watu muda mrefu," nikamwambia. "Kaa."

Akakaa. Akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mashtaka. Wifi akakalia viganja vyake. Mimi nami nikakaa pembeni yake, nikavibana vyangu chini ya mapaja, na hapo ndipo nilipojua kazi aliyokuwa akiifanya mwanamke yule miaka yote ile. Wee! Bwana yule alishika utepe kinyumenyume. Alichomeka pini kuelekea kidoleni mwake. Alikunja mahali pa kunyoosha, akanyoosha mahali pa kukunja, na kila sehemu ya mwili wangu ilikuwa inataka kupiga kelele, "Acha, utakimaliza!" Maneno yalinifika mpaka kwenye meno. Nikayameza. Nilimtazama wifi kwa pembe ya jicho. Ametulia tuli, jasho jembamba juu ya mdomo, anamwangalia mumewe akiharibu kama anayetazama mtoto anajifunza kutembea. Alikuwa amefanya hivyo kwa ajili yangu kila Alhamisi. Niliona haya, na nilimpenda sana.

Katikati ya hayo mama akatoka chumbani. Alikuwa amelishika lile shati langu, la majaribio, limefuliwa na kukauka. Mama siku hizi hashoni, lakini nguo haiwezi kupita mikononi mwake bila kugeuzwa ndani. Alikuwa ameshaligeuza. Alipitisha kidole gumba kwenye kola, akarudi, akapitisha tena.

"Hii kola," akamwambia wifi, "siku hizi unashona vizuri."

"Si yangu, mama," wifi akasema bila kuondoa macho kwa mumewe. "Ni ya binti yako."

Mama alinitazama. Nilijua kinachofuata. Nilingoja anipokonye kitu, ijapokuwa sikuwa nimeshika kitu. Yeye akarudisha macho kwenye kola, akaisogeza karibu na dirisha, akaipinda ncha moja, kisha nyingine, akazilinganisha. Alichukua muda. Mdogo wangu naye akasimamisha kazi, pini mkononi.

"Ncha ya kushoto imenenepa kuliko ya kulia," mama akasema. "Ulipogeuza hukupunguza kitambaa cha ndani pembeni. Ya kulia ulipunguza, ya kushoto ukasahau."

Ilikuwa kweli. Nilisahau. Na tangu nizaliwe, mama yangu alikuwa hajawahi kuniambia nimekosea wapi.

Akavuta kiti, akakaa, akalaza shati mezani.

"Lete mkasi mdogo," akaniambia. "Njoo nikuonyeshe."

Nikachomoa mikono chini ya mapaja.